Vidole Vinne vya Hariri: Sheria ya Mavazi ya Wanaume na Historia ya Nguo za Pwani

Katika maandishi mengi juu ya historia ya Waswahili mna hukumu moja ambayo hurudiwa pasipo kupimwa. Husemwa kwamba wanaume wakwasi wa miji ya pwani walivaa hariri na dhahabu. Kwamba Uislamu umewakataza wanaume hariri na dhahabu. Na kwa hiyo Uislamu wao ulikuwa wa juujuu. Ubovu wa hoja hii umo katikati yake, kwani sheria yenyewe haikukomea hapo.

Ni kweli kwamba hadithi mashuhuri yaharimisha dhahabu na hariri kwa wanaume wa umma huu na kuzihalalisha kwa wanawake wake. Lakini Omar bin Khattab, katika barua aliyowapelekea Waislamu waliokuwa Azerbaijani, alieleza kuwa Mtume alikataza hariri isipokuwa kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne. Zubeir bin Awwam na Abdurrahman bin Auf waliruhusiwa kuivaa kwa sababu ya kuwashwa mwili. Na Mtume mwenyewe aliitupa pete ya dhahabu akavaa ya fedha. Juu ya misingi hii mafakihi wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo ya Waswahili walio wengi, walijenga elimu nzima ya vipimo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj kwamba nguo iliyochanganywa hariri na kitu kingine ni haramu endapo uzito wa hariri umezidi. Ukipungua ni halali, na hata ukilingana ni halali kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Hali kadhalika nguo iliyotariziwa au kupindwa kwa hariri kwa kiasi cha ada. Fedha nayo yajuzu katika pete na katika mapambo ya silaha, kama vile upanga. (Ama nguo inayoshuka chini ya vifundo vya miguu, ambayo leo ndiyo yenye kelele nyingi misikitini, Nawawi aliiona haramu kwa mwenye kiburi na makruhu kwa asiyekuwa nacho.)

Kwa hiyo mwanahistoria akikuta neno ‘hariri’ katika ushahidi wake, hana budi kuuliza: hariri kiasi gani, na mahali gani pa vazi?

Tutazame ushahidi unaotajwa kuliko wote. Ibn Battuta alifika Mogadishu yapata mwaka 1331, naye alikuwa mwanasheria, ingawa wa madhehebu ya Maliki. Asimulia kwamba aliletewa mavazi kwa desturi ya mji: nguo ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho la kitambaa cha Yerusalemu lenye bitana, na kilemba cha Kimisri. Tafsiri ya Kiingereza isomwayo sana yasema kuwa ile nguo ya kiunoni ilikuwa ya hariri. Yasema hivyo hivyo juu ya nguo aliyoivaa Sultani siku ya Ijumaa. Katika Kiarabu, hata hivyo, maneno ni mawili. Nguo ya mgeni ni ya khazz. Ya Sultani ni ya harir. Khazz katika lugha ya mafakihi wa kale ni kitambaa cha hariri iliyochanganywa na sufi, nao walio wengi walikiruhusu. Haikosi kusemwa kwamba baadaye neno hilo lilitumiwa pia kwa hariri tupu, na siwezi kudai kuwa shauri limekwisha. Lakini kadhi aliyetumia maneno mawili hastahili kutafsiriwa kwa moja. Zaidi ya hayo, kanzu na kilemba alichopewa anavieleza kuwa vilikuwa na pindo lililotiwa ‘alama’, na neno la shina hilo hilo ndilo linalotumika katika mlango wa hadithi ya vidole vinne.

Sultani simtetei. Alikuwa na miavuli minne ya hariri juu ya kichwa chake, kila mmoja na ndege wa dhahabu, na wafalme wa kila dini wamejiruhusu mengi.

Wareno waliofuata hawakuwa na haja ya tofauti hizi. Katika safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498 imeandikwa kuwa mfalme wa Malindi alivaa joho la damaski lililopindwa kwa atlasi ya kijani. Upana wa pindo haukuandikwa. Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaona watu wa Kilwa katika nguo za dhahabu, hariri na pamba, akaishia hapo. Ila ni yeye Barbosa aliyetueleza kwamba mafundi wa Sofala waliifumua nguo ya rangi iliyotoka Cambay na kuufuma upya uzi wake pamoja na uzi wao mweupe. Na Padre Monclaro, katika miaka ya 1570, alitaja nguo za hariri zilizofumwa Pate. Pwani iliyojua kufumua na kuchanganya nyuzi ilikuwa na uwezo wa kufuma nguo kwa kipimo cha Minhaj. Kama ilifanya hivyo kwa ajili ya sheria au kwa sababu hariri ilikuwa ghali, naonelea sababu mbili hizo hazipingani.

Lugha yetu imehifadhi dalili. Kamusi za zamani zina neno taraza, nalo ni ukanda mwembamba wa hariri uliofumwa kwenye pindo la kilemba au la shuka ya kiunoni. Asili yake ni tiraz, na shina lake ndilo analolitumia Nawawi anaporuhusu nguo iliyotariziwa. Vazi zima la mwanamume laweza kuwa la pamba, na hariri ikabaki pale tu ambapo sheria imeiachia nafasi. Wanafunzi wetu leo wanajua tarizi. Taraza wengi wao hawajapata kuisikia.

Katika karne ya 20 mjadala uligeuka. Mwaka 1903 Muhammad Abduh wa Misri aliulizwa na Waislamu wa Transvaal juu ya kuvaa kofia za Kizungu, akazijuzisha kwa asiyekusudia kuiacha dini yake. Jarida la Al-Manar lililoitetea fatwa hiyo lilisomwa Mombasa pia, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kuchukua elimu ya Wazungu bila ya kuwaiga ovyo. Hapo swali si uzito wa uzi tena. Ni kufanana na nani. Msamiati wa mizani na vidole ulianza kupisha msamiati wa kuiga na kujitambulisha, na ni kwa macho ya msamiati huu wa pili ndipo tulipozoea kuwahukumu watu wa Kilwa na Pate.