Kichwa chenye Taji katika Ngao ya Ismaning

Katika nchi ya Ujerumani, kaskazini ya München, kando ya mto Isar, kipo kijiji kiitwacho Ismaning. Katika ngao yake kimechorwa kichwa cha mtu mweusi mwenye taji. Kilifikaje huko?

Mwaka 1319 Askofu wa Freising alikinunua kijiji hicho kwa mfalme Ludwig, na kichwa hicho kilikuwa alama ya maaskofu wale. Mwaka 1803 enzi yao ya kidunia ilikoma, alama ikadumu. Juu ya asili yake wataalamu hawapatani. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, aliyeitia katika ngao yake mwaka 2005, aliiona kuwa dalili ya Kanisa lisilobagua taifa.

Nasi tukiitazama, twaona sura kama yetu, nayo imevikwa taji.