Kisomo cha Watu Wazima Katika Nchi ya Hulugho



Ni desturi ya taarifa ya mwaka kueleza fedha iliyoingia na fedha iliyotoka. Safari hii tumeona yafaa kuongeza hesabu ya namna nyingine, nayo ni habari za kisomo cha watu wazima: kilianzaje katika nchi yetu, kilistawi kwa njia gani, na kwa nini mara nyingi kilikauka kabla ya kuzaa. Tumeyaandika haya kwa kuwa wapo wasemao kwamba kumfundisha mtu mzima ni kupoteza mafuta ya taa, na kwamba nguvu zote zielekezwe kwa watoto. Rai hiyo twaiheshimu. Lakini historia ya Hulugho, na ya Garissa nzima, yatuonyesha kwamba huku kwetu mtu mzima hulazimika kuanza maisha upya si mara moja wala mbili. Naye aanzaye upya bila kujua kusoma huanza akiwa mkononi mwa mwingine.

Hulugho iko kusini mashariki ya mji wa Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, na kusini yake ndiko uliko msitu wa Boni. Watu wake walio wengi ni wafugaji wa Kisomali. Upande wa msituni wako Waboni, wajiitao Aweer, ambao tangu kale waliishi kwa kuwinda na kurina asali. Mpaka wenyewe si wa kale. Hata mwaka 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na mji wa Kismayu, ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza kama sehemu ya Kenya. Mwaka huo ikakabidhiwa Waitaliano. Basi malisho ya kundi moja yakawa chini ya serikali mbili, na mfugaji aliyekuwa akifuata mvua akaanza kuulizwa karatasi.

Kisomo hakikuletwa huku na gari la Serikali. Kabla ya hapo watu walisoma Kurani katika duksi, ambayo ndugu zetu wa pwani huiita chuo. Mwalimu wa duksi alihama pamoja na mifugo. Mbao za kuandikia zilipakizwa juu ya mnyama wa mizigo pamoja na vyombo vya nyumba. Wino ulifanywa kwa makaa. Na masomo yaliendeshwa alfajiri kabla mifugo haijatoka, na usiku kwa mwanga wa moto, mifugo ikiwa zizini. Ujira wa mwalimu ulitolewa kwa mifugo, kila mzazi kwa kadiri ya uwezo wake. Twamwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia: shule iliyodumu kuliko zote katika nchi hii ni ile iliyohama pamoja na wanafunzi wake.

Lakini ilikuwako kasoro moja, wala haikuwa ya duksi. Herufi alizozijua mzee wetu zilikuwa za Kiarabu, ilhali amri, risiti, hukumu na vibali vya Serikali viliandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Hivyo mtu aliyeweza kuisoma Kurani tangu mwanzo hata mwisho alihesabiwa ofisini kuwa hajui kusoma, akaambiwa atie dole gumba.

Serikali ya kikoloni nayo haikuharakisha kuiondoa kasoro hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu, nchi ya mpakani ilifungwa. Mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali, na maofisa walipewa madaraka makubwa juu ya mwendo wa watu na mifugo yao. Kwingineko nchini Kenya watu walikuwa wakijenga shule kwa michango yao, na huko Kabete, tangu mwaka 1925, shule ya Jeanes ilikuwa ikiwafunza walimu wa kuendeleza vijiji. Matunda ya kazi hiyo yalifika huku kwa uchache na kwa kuchelewa sana.

Kisha yakaja mambo ambayo wazee wetu hawahitaji kuyasoma kitabuni. Mwaka 1962 Tume iliyotumwa kuuliza maoni ilikuta kwamba watu walio wengi wa wilaya za Kaskazini wapenda kuungana na Somalia. Haikuwa hivyo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 ya mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia. Katika miaka hiyo, hasa tangu 1966, watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi vilivyoitwa manyatta, na mifugo mingi ikapotea, mingine kwa kuchukuliwa, mingine kwa kuuawa, mingine kwa kukosa malisho. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Mtu aliyetoka manyatta akiwa hana ng'ombe wala ngamia alikuwa na ujuzi mwingi: alijua nyota, nyasi, maradhi ya mifugo na nasaba za watu. Hata hivyo kazi ya mshahara, leseni ya duka, kitambulisho na barua ya kudai haki vilitaka ujuzi wa namna nyingine. Hapo ndipo kisomo cha watu wazima kilipoanza kuwa njia ya kuirudisha riziki iliyopotea.

Mifano miwili ilikuwa karibu nasi. Ng'ambo ya mpaka, mwezi wa Oktoba 1972, Serikali ya Somalia iliamua kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, na maelfu ya wanafunzi na walimu wao wakapelekwa mashambani na malishoni kuwafundisha wafugaji kuandika lugha yao wenyewe. Ukame mkuu wa 1974 na 1975 uliikatiza kazi ile, lakini herufi zilibaki, na leo ndizo azitumiazo Msomali wa Hulugho anapomwandikia nduguye kwa simu. Kusini yetu, Tanzania iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma huko walikadiriwa kuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1975 walibaki 39. Katika nchi zote mbili mwalimu alimfuata mwanafunzi, wala hakumngoja.

Kenya nayo ilitunga sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Mwishoni mwa 1978 Rais Moi akatangaza kampeni ya kuufuta ujinga wa kusoma, na mwaka 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Mwaka huo wa kwanza watu zaidi ya laki nne waliandikishwa nchini kote. Ndiyo madarasa ambayo wengi wetu tuliyasikia kwa jina la gumbaru, na wenye kicheko wakacheka. Miaka ilipopita, hesabu ya wanafunzi ilishuka. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2006 ulikuta kwamba watu wazima wajuao kusoma Kenya nzima ni asilimia 61.5; katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki walikuwa asilimia 8 tu.

Je, watu wetu walikuwa wavivu wa kusoma? Watu waliowalipa walimu wa duksi kwa mifugo yao vizazi kwa vizazi hawawezi kuitwa hivyo. Sababu zapasa kutafutwa katika darasa lenyewe. Darasa lililowekwa mahali pamoja lilijaa wakati wa mvua za Gu na za Deyr, kisha likawa tupu Jilaal ilipofika na watu wakafuata maji. Mwalimu aliyelipwa ujira mdogo kwa saa, tena kwa kuchelewa, hakuweza kudumu. Na mama aliyeamka kabla ya jua kukama, akateka maji, akatafuta kuni, hakuwa na saa ya mchana ya kukaa na kitabu. Duksi iliyajua hayo yote. Darasa la kampeni halikuyajua.

Wakati huohuo haja ya kusoma ilizidi. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na Mboni aliyezaliwa kuwa mwindaji akajikuta siku moja hana kazi mbele ya sheria. Ukame wa 1984, wa 1991 na 1992, wa 2011, na ule ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, uliwaleta vijijini na mijini watu waliokuwa na mazizi yaliyojaa. Mtu wa namna hiyo hana budi kuuza maziwa, kulima kando ya mto Tana, kufungua kibanda, au kufanya kazi ya dalali sokoni Garissa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la ng'ombe mfugaji alilihesabu kwa macho, kwa rangi na kwa majina. Lakini deni la dukani na bei ya jumla havina rangi wala pembe, na ni lazima viandikwe.

Natuangalie mambo ya leo. Tangu Machi 2007 fedha hupelekwa kwa simu, na asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu pamoja na namba yake ya siri. Katika kadi ya kliniki imeandikwa siku ya chanjo ya mtoto. Kwa miaka mingi watu wa mpakani walipitishwa katika ukaguzi wa ziada ili wapate kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais alipotangaza kwamba ukaguzi huo umekomeshwa; hata hivyo fomu zingaliko, na jina lililoandikwa vibaya humtesa mwenyewe maisha yake yote.

Kubwa kuliko hayo ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka jamii iandikishe ardhi yake, iwe na orodha ya wanajamii na kanuni zake, nayo ichague kamati ya watu 7 hadi 15 katika mkutano wa wote. Barabara ya kutoka Lamu kwenda Garissa yapita katika nchi ya Ijara, na thamani ya ardhi yapanda. Ikiwa katika mkutano huo wasomao ni vijana watatu, na wazee mia wanatia dole gumba, basi malisho yaliyohifadhiwa kwa vita na kwa subira yaweza kutoka mikononi mwetu kwa ukurasa mmoja. Hatari hii haiwezi kungoja watoto walio shuleni wakue.

Tena twapaswa kusema juu ya walimu. Mwezi wa Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu. Hao waliacha kwao wakaja kuwafundisha watoto wetu, na twawaombea. Baada ya mauaji hayo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine walihamishwa, na madarasa mengi yakabaki bila mtu. Somo lililomo humo ni chungu: nchi isiyo na walimu wake yenyewe haina shule. Na mwalimu wa kesho si lazima awe mtoto wa leo. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, na mwaka uliofuata akasimama mbele ya mataifa mjini New York kuitetea elimu. Mama wa miaka 30 ajifunzaye kusoma sasa yuko mbali sana na uzee huo, na baada ya miaka michache aweza kuwa mwalimu wa jirani zake.

Basi twaweka mambo mawili mbele ya Mkutano Mkuu. La kwanza, darasa lo lote litakalosaidiwa na chama liwe na mwalimu wa hapa hapa, ajuaye Kisomali na Kiswahili, naye afuate maji na malisho pamoja na watu wake, afundishe saa zile ambazo mama zetu wamekwisha kukama. Walimu wa duksi waombwe shauri tangu mwanzo, maana njia hiyo ni yao. La pili, ujira wa mwalimu usitegemee ahadi ya mbali. Kila nyumba ichange, kama ilivyokuwa desturi, kwa fedha au kwa mnyama, na chama kijaze kinachopungua.

Hayo hayawezi kurudisha ng'ombe waliokufa. Lakini mtu akiweza kuisoma risiti yake, kulitia jina lake kwa mkono wake, na kuuliza swali juu ya karatasi iliyo mbele yake, amekwisha kuyashika tena mambo yake. Twawaomba wazee watupe shauri lao, na wanachama walete michango yao kabla ya Jilaal.