Uji wa Nyota

Mwanamke amekaa peke yake katika chumba kilicho juu kabisa mawinguni. Mwanga wa nyota unashuka kwa bomba kutoka paani na kuingia kwenye kinu cha mkono. Anazungusha mpini, nyota zinasagika, unga wake unamiminika sahanini. Kisha anachota kwa kijiko na kuulisha mwezi mwandamo uliofungiwa katika tundu la ndege. Usoni hana furaha wala hasira. Ni uso wa mtu aliye kazini.

Mchoro huo, Papilla estelar, yaani Uji wa Nyota, ulichorwa jijini Mexico mwaka 1958 na Remedios Varo, mkimbizi kutoka Hispania. Kila ninapoutazama, jicho langu hurudi kwenye kile kinu. Wengi wanaomsifu Varo hutaja uchawi, na kwa Kiswahili neno hilo linamdhulumu. Uchawi kwetu ni husuda inayotembea usiku. Neno linalomstahili ni uganga: elimu yenye vifaa na vipimo, ambayo mwenye nayo anajua mzizi gani uchemshwe, kwa muda gani, kwa maradhi yapi.

Uganga wake ulianza na jina. Alizaliwa mwaka 1908 huko Anglès, Katalonia, wazazi wake wakiwa wamefiwa na binti, naye akapewa jina la Bikira Maria wa Remedios. Kwa Kihispania, “remedios” ni dawa. Mtoto alikuja duniani awe tiba ya msiba wa wazazi wake.

Mama yake alikuwa Mkatoliki mshika dini, na binti alisomeshwa na watawa. Baba alikuwa mhandisi wa maji, akamfundisha kushika rula na bikari na kunakili ramani za mitambo. Somo hilo halikumtoka mkononi. Hata pale anapochora muujiza, utaona kapi, gurudumu na bomba, na utaelewa kipi kinazungusha kipi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Hispania, alihamia Paris mwaka 1937 pamoja na mshairi Benjamin Péret, akaingia katika duru ya wasurealisti, wasanii waliochota picha zao ndotoni. Humo wanawake walithaminiwa zaidi kama chemchemi ya ndoto za wanaume kuliko kama wachoraji. Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940, wawili hao walikimbilia Marseille, na mwishoni mwa 1941 wakapanda meli kwenda Mexico.

Huko ndiko alikopata ndugu wa hiari: mchoraji Leonora Carrington kutoka Uingereza na mpiga picha Kati Horna kutoka Hungaria. Varo na Carrington walisoma alkemia, nyota na karata za taroti, wakayapeleka yote jikoni. Varo aliandika hata maelekezo ya kuleta ndoto, kwa mtindo uleule wa mapishi.

Lakini ndoto hazilipi kodi ya nyumba. Kwa miaka kadhaa alichora matangazo ya dawa za kampuni ya Bayer, akiyatia sahihi kwa jina la ukoo wa mama yake, Uranga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Venezuela, akachora wadudu kwa ajili ya mapambano dhidi ya malaria. Sioni kama miaka hiyo ilipotea. Mkono uliochora mguu wa mbu bila kukosea ndio uliokuja kuchora visivyoonekana vikaaminika. Kuanzia 1952, akiishi na Walter Gruen, mkimbizi kutoka Austria, alipata nafasi ya kuchora bila kuhangaikia riziki. Karibu kazi zake zote kubwa ni za muongo huo mmoja.

Mwaka 1957 alichora Creación de las aves, Uumbaji wa Ndege. Bundi mwenye mwili wa mwanamke ameketi mezani. Bundi huyu hatangazi kifo kama yule anayelia juu ya mapaa yetu. Mkono mmoja umeshika kioo cha pembetatu kinachonasa mwanga wa angani, mwingine brashi iliyounganishwa na fidla iliyo kifuani pake. Rangi zinachujwa katika chombo mfano wa mayai mawili na kudondokea kwenye ubao wake wa rangi. Ndege anaowachora wanainuka kwenye karatasi, wanaruka.

Varo alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo tarehe 8 Oktoba 1963, akiwa na miaka 54. Mwaka huohuo alikuwa amemaliza mchoro usio na mtu hata mmoja. Picha ya matunda mezani Wahispania huiita “maumbile mafu”. Yeye akaongeza neno moja, “yakifufuka”. Mshumaa unawaka katikati ya meza ya duara, sahani zinaelea, matunda yanauzunguka kama sayari, mengine yanagongana na kupasuka. Mbegu zimeanguka sakafuni, na zimekwisha kuchipua.