Stanley Cohen na panya waliofumbua macho mapema

Vitoto vya panya huzaliwa vikiwa vimefumba macho, na kwa kawaida hupita takriban wiki mbili kabla hawajayafumbua. Lakini katika miaka ya 1950, kwenye Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, vitoto vilivyodungwa sindano ya maji ya tezi za mate za panya wakubwa viliyafumbua baada ya siku saba hivi. Meno nayo yaliota mapema. Aliyelitilia maanani jambo hilo ni mtaalamu wa bayokemia, Stanley Cohen, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Cohen alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1922, mtoto wa fundi cherehani, Myahudi aliyehamia kutoka Urusi. Ugonjwa wa polio ulimwacha akichechemea maishani. Alisoma katika chuo cha Brooklyn, ambacho hakikutoza ada, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha maziwa ili apate fedha za kuendelea na masomo. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Michigan, alikohitimu udaktari wa falsafa mwaka 1948, alikesha akiokota nyungunyungu zaidi ya 5,000 kwenye nyasi za chuo kwa ajili ya utafiti wake.

Huko St. Louis, katika maabara ya Viktor Hamburger, alishirikiana na Mtaliana Rita Levi-Montalcini. Bibi huyo alikuwa amegundua kwamba uvimbe fulani wa panya hutoa kitu kinachoyachochea mishipa ya fahamu kukua. Cohen alitakiwa kukitambua kitu hicho. Alitumia sumu ya nyoka ili kuziharibu asidi za kiini zilizokuwamo katika mchanganyiko wake. Kumbe sumu yenyewe ilikuwa na kichocheo kile kwa wingi kuliko uvimbe. Na kwa kuwa tezi ya sumu ya nyoka ni jamaa ya tezi ya mate, aliigeukia ile ya panya dume. Huko alikipata tele, na huko ndiko lilikotoka fumbo la macho.

Mwaka 1959 ilimbidi aondoke, kwani idara ya zoolojia haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanakemia. Alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, akiwa na fumbo hilo ambalo wengi wangelidharau. Kope za panya si jambo la kumpatia mtu sifa upesi. Mwaka 1962 alitangaza kuwa ameitenga protini husika, na miaka kumi baadaye mpangilio wa asidi amino zake 53 ukajulikana.

Kisha maabara yake ikaonyesha jinsi ujumbe unavyopokelewa. Protini hiyo hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli, nacho huanza kuzibandika fosfati protini nyingine, hata seli ikaamriwa kugawanyika. Katika baadhi ya saratani, kipokezi hicho hakinyamazi. Dawa za kukizuia, kama vile erlotinib na cetuximab, zilianza kutumika katika miaka ya 2000.

Cohen na Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hamburger, aliyewakutanisha, aliachwa nje, na uamuzi huo ulizua manung'uniko miongoni mwa wanasayansi. Cohen alifariki dunia Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 97.