Safu ya Lugha: Sabufa
Bariadi, kama kwingi Tanzania, mtu akinunua redio yenye boksi moja kubwa na vispika pembeni, seti nzima huiita sabufa. Neno limetoka kwenye Kiingereza, na huko maana yake ni finyu: ni lile boksi la besi peke yake, la sauti nzito za chini ya takriban hezi 200. Vile vidogo ni spika tu. Fundi akiambiwa “sabufa imekufa”, ana haki ya kuuliza kipi hasa kimekufa.

Linaloniudhi zaidi ni “sabufa inaserereka”. Kuserereka kunataka mteremko! Juu ya vigae, au sakafu ya mbao iliyopigwa vanishi, boksi linateleza. Na besi ikilitikisa likahama kidogo kidogo kuelekea mlangoni, hapo linasogea. Tofauti hii inamsaidia hata mwenye redio, maana kinachoteleza kinataka mshiko. Kata vipande vinne vya kandambili kuukuu, vigundishe chini ya vile vimiguu vigumu vya plastiki, uache gundi ikauke kabisa kabla ya kufungulia muziki.