UZI: Nani alichukua Jumamosi asubuhi ya watoto wetu?

1/ Kampeni zikikaribia, mjadala wa TV hurudi. Upande mmoja husema serikali inataka kuvifunga mdomo vyombo vya habari. Mwingine husema vyombo hivyo vimeoza na vinaharibu watoto. Watoto hutajwa sana, lakini vipindi vyao havijadiliwi kamwe. Leo tuvijadili. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo wacheni rangi zenu nje.

2/ Nilikulia karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, miaka ya 90. Kwetu kulikuwa na TV moja tu, Great Wall ya nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Mwenyewe alikuwa mama muuza omena. Jumamosi asubuhi tuliosha miguu mlangoni, tukaketi sakafuni. Picha ikijaa chenga, mmoja alitumwa nje kuzungusha antena, wengine wakipiga kelele: "Hapo hapo! Usiguse tena!"

3/ Mara nyingi tuliona katuni za kutoka nje, Kiingereza cha kasi ambacho nusu yetu hatukukishika. Nyumbani ilikuwa Dholuo, sokoni Kiswahili. Lakini siku moja moja kilikuja kipindi ambacho watoto wa Kenya waliongea kama sisi. Siku hiyo chumba kilinyamaza, na tukitoka tuliigiza hadi jioni. Hiyo tofauti sijaisahau, na ndiyo sababu ya uzi huu.

4/ Turudi nyuma kidogo. TV ilianza Kenya 1962. Mwaka wa 1964 serikali ililitaifisha shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya (VOK). Mwaka wa 1989 sheria mpya ikalirudishia jina la KBC. Muda huo wote kituo cha TV kilikuwa kimoja. Alichoona mtoto, na alichosikia babake kwenye habari, viliamuliwa na mkono mmoja.

5/ Elimu ya hewani enzi hiyo ilikuwa hasa redio. Taasisi ya Elimu (KIE) ilitayarisha masomo, VOK ikayarusha, mwalimu akaleta redio darasani. Kati ya 1980 na 1985 kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio madarasa ya chini, kwa fedha za Marekani. Redio inauliza, watoto wanajibu kwa sauti.

6/ Shikeni mambo matatu hapo: kulikuwa na mtaala, kulikuwa na ratiba, na kulikuwa na mtu wa kulipa. Lakini tusidanganyane ati zamani ilikuwa dhahabu. Shirika lilelile lililofundisha watoto kusoma halikumruhusu mzazi wao kusikia upinzani. Ukitamani ile ratiba, kumbuka na hiyo bei yake.

7/ 1990 ikaja KTN, kituo cha kwanza cha kibinafsi. Kilianzia Nairobi, sisi wa ziwani tulisubiri. Mwisho wa muongo huo vingine vikafuata. Habari zilifunguka, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila kituo cha biashara huishi kwa matangazo, na mtoto hana pesa. Kununua katuni iliyokwisha kuuzwa nchi nyingi ni rahisi kuliko kulipa waandishi, waigizaji na wachoraji wa hapa.

8/ Kwa hivyo hakukuwa na njama. Hakuna mtu aliyeketi akaamua watoto wa Nyalenda wasijifunze kuhesabu. Serikali iliachilia saa zile, soko likazichukua, na mahesabu ya soko hayakuwa na nafasi ya mtoto wa muuza omena. Mambo mengi mabaya katika siasa hutokea hivyo, bila adui wa kumtaja jukwaani.

9/ Mtu ataniambia, "Si tutunge tu sheria?" Haya, tuangalie Marekani. Sheria ya TV ya watoto ilipita 1990. Mwaka wa 1996 mdhibiti akaweka kipimo: saa tatu kwa wiki za vipindi vya elimu. Vituo vikubwa vikazisukuma hadi Jumamosi asubuhi, mahali pa katuni, na polepole katuni zikaondoka. Ratiba ya mwisho ya katuni za Jumamosi kwenye mitandao hiyo mikubwa ilifungwa Septemba 2014.

10/ Nafasi yao ikachukuliwa na nini? Sehemu kubwa ni vipindi vya wanyama na safari, vinavyosemwa ni vya vijana wa miaka 13 hadi 16. Vinatimiza sheria na gharama yake ni ndogo. Mtoto wa miaka mitano hayumo. Mwaka wa 2019 mdhibiti akalegeza masharti zaidi. Ukidai saa peke yake, utapewa saa. Umri, lugha na ubora wa kilichomo, usipovitaja hutavipata.

11/ Sisi pia tuna kanuni. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi. Kuna kiwango cha vipindi vya nyumbani, asilimia 40. Wanasiasa hupenda sana hii ya kwanza, kwa sababu kufungia kipindi kichafu ni habari kubwa na haigharimu kitu. Lakini kuzuia matusi hakumfundishi mtoto kusoma. Kipindi kizuri lazima mtu akitengeneze.

12/ 2015: uhamaji wa kidijitali. Februari mitambo ya analojia ilizimwa, kampuni tatu kubwa zikagombana na mdhibiti, na vituo vyao vikapotea hewani karibu wiki tatu. Nchi ilibishana juu ya leseni, masafa na uhuru wa habari. Ufuoni swali lilikuwa fupi zaidi: pesa ya king'amuzi itatoka wapi? TV nyingi za zamani ziligeuka kuwa meza za kuwekea vyombo.

13/ Wakati huohuo, majirani zetu walikuwa wamejaribu njia nyingine. Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianzisha Ubongo Kids Januari 2014: katuni za hesabu na sayansi, kwa Kiswahili, kwenye TV ya taifa ya Tanzania. Baadaye wakaja na Akili and Me kwa watoto wadogo. Vipindi hivyo vilivuka mpaka hadi kwetu. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani kutengeneza kitu kizuri kwa lugha yetu.

14/ Lakini tukubali ukweli: kazi hiyo imebebwa sana na wafadhili. Na huku kwetu, mwaka wa 2013, ahadi iliyosikika kila mkutano ilikuwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tableti zilianza kufika shuleni 2016. Hakuna aliyesimama jukwaani kuahidi kipindi cha Jumamosi. Tableti unaweza kuipiga picha ukiikabidhi. Kipindi cha TV, utapiga picha gani?

15/ Kisha ikaja 2020. Katikati ya Machi shule zikafungwa kwa sababu ya Covid. Masomo yakahamia redio, TV na mtandao. Tarehe 31 Machi ikaanza Akili Kids, kituo cha bure cha watoto, chenye vipindi vya Kiingereza na Kiswahili. Ilikuja wakati mzuri sana. Ila wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na kwa miezi hiyo yote swali lilikuwa: nani anaipata?

16/ Sensa ya 2019 ilikuwa imeshajibu. Nyumba zenye TV inayofanya kazi: asilimia 40.7. Zenye redio: 56.9. Zenye intaneti: 17.9. Hizo ni za nchi nzima, Nairobi ikiwemo. Maana yake, siku shule zilipofungwa, nyumba nyingi za Kenya hazikuwa na TV, na wale waliosema "watoto wasome mtandaoni" walikuwa wakiongea na nyumba chini ya moja kati ya tano.

17/ Na huku ziwani tulikuwa na letu. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Familia za Nyando na fuo nyingine zilihama na magodoro kichwani. Nilikutana na baba mmoja aliyeokoa redio na kuiacha TV. Akaniambia, "Ndugu yangu, redio haitaki stima wala king'amuzi." Sikuwa na la kuongeza.

18/ Jambo lingine ambalo Nairobi haliwazi. Kendu Bay kuna misheni ya Gendia, iliyoanzishwa na Waadventista Wasabato 1906. Hadi leo familia nyingi upande huo huwa kanisani Jumamosi asubuhi. Ukiweka kipindi bora cha watoto saa tatu Jumamosi bila kukirudia, umewaacha hao. Kurudia Jumapili mchana ni uamuzi mdogo tu, lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba hao watoto wapo.

19/ Leo wengi husema Jumamosi imekufa, mtoto ana simu. Mwenye bando, sawa. Lakini simu ni ya mama, anaenda nayo sokoni Kibuye, na anachoonyeshwa mtoto kwenye simu huchaguliwa na mashine inayotaka asiiweke chini. TV ya bure ilikuwa na kasoro zake, ila chumba kizima kiliona kitu kimoja, na mtu mzima alikuwa karibu.

20/ Basi mwanasiasa wa upande wowote akiongea kuhusu "TV na watoto wetu", muulizeni haya:
– Vipindi ni vya umri gani, na lugha gani?
– Nani analipa, na mfadhili akiondoka?
– Mawimbi yanafika Mfangano na Usenge?
– Toleo la redio lipo?
– Nani anachagua yaliyomo, na anaweza kuyageuza propaganda?

21/ Hilo la mwisho msiliruke. Mimi nataka pesa ya umma iende kwa vipindi vya watoto, na nataka anayeitoa asiwe na mkono kwenye habari za saa moja. Tumeishi na kituo kimoja cha serikali, tukaishi na soko peke yake, na mara zote mbili mtoto wa ufuoni alihesabiwa mwisho.

22/ Yule mama muuza omena hakutulipisha hata senti. Alichotaka ni tumchotee maji baadaye, na tulimchotea. Nani alikuwa na TV ya mtaa kwenu? Niandikieni hapo chini, na mseme mlitazama nini. Mwisho wa uzi.