Mtani wa Uluguru na ndugu waliopotezana

Utani ni uhusiano wa kurithi unaomruhusu mtu kumkejeli mwenzake, kumdai na hata kumnyang'anya kitu mchana kweupe, naye mwenzake asiwe na ruhusa ya kukasirika. Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, wanao wa namna mbili. Upo utani wa makabila, ambao mara nyingi huhusishwa na vita vya zamani na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokatiza nchi hii kuelekea Bagamoyo. Upo pia utani wa koo, baina ya Waluguru wenyewe, na huo ndio wenye uzito zaidi nyumbani. Mwanaanthropolojia James Christensen aliuandikia makala mwaka 1963, akaeleza matusi pamoja na wajibu. Alifanya vyema, maana mtani si mchekeshaji tu: msibani yeye ndiye mshika kazi nzito, zikiwemo za kuchimba kaburi, ambazo wafiwa hawapaswi kuzigusa.

Kwa nini ndugu wamhitaji? Mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mashamba ya Kinole, Matombo na Mgeta ni madogo na yamegawanywa mara nyingi, hivyo vijana wamekuwa wakishuka mlimani miaka nenda rudi: kwenye mkonge, kwenye miwa ya Kilombero, Dar es Salaam. Anayeshuka hapotezi ukoo, hupotea yeye tu. Dada aliyebaki na migomba na kumuuguza mama anahesabu kila sikukuu ambayo kaka hakuonekana, na hesabu hiyo hufunguliwa msibani. (Siku hizi kisingizio cha umbali kimekufa: tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni chini ya saa 2.)

Basi kaka anafika, ameteremka kwenye bodaboda, begi begani, macho mekundu. Kabla dada hajafungua kinywa, mtani amekwishatokea ndani na koti la marehemu mwilini, fimbo mkononi, anakohoa kama marehemu alivyokohoa. "Wewe nani? Mimi nilizaa watoto, sikuzaa wageni!" Anamvua kofia, anadai faini ya kila mwaka aliopotea. Waombolezaji wanacheka huku wanalia. Kaka anatoa noti, na dada, aliyekuwa amelipanga neno hilohilo kwa ukali zaidi, anajikuta anamtetea ndugu yake.

Hapo ndipo utani unapoishinda sinema. Ufilipino, nchi yenye mamilioni ya watu wanaofanya kazi ughaibuni, ina sinema nyingi za vichekesho kuhusu familia zilizotawanyika namna hii. Mfano mzuri ni Four Sisters and a Wedding ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Cathy Garcia-Molina: akina dada wanarudi nyumbani kuzuia harusi ya mdogo wao wa kiume, na mmoja wao, aliyeko Hispania, amewaficha kwamba hafundishi tena, bali anafanya kazi za ndani na za mgahawani. Vituko ni vingi, lakini mwishowe ndugu hulazimika kuambiana ukweli wenyewe kwa wenyewe, nao unauma. Uluguru ukweli huo hupewa mtu wa ukoo mwingine, asiye na shamba la kugombea wala deni la kulipwa, auseme kwa kichekesho.

Linganisha na harusi za mjini Morogoro, ambazo sasa zina MC wa kukodi. Anachekesha, sikatai, lakini amelipwa na wenye shughuli na hathubutu kumuuliza bwana mkubwa alikuwa wapi mama alipougua. Kwa hiyo ukialikwa mlimani na mtu usiyemjua akakunyang'anya kofia, usigombe wala usiite mgambo. Uliza ni mtani wa nani, kisha toa chochote uikomboe.